Gari Dogo la Juu: Uhakiki wa Lugha ya Kipeperushi Kimoja cha Motokaa

1. Utangulizi

Miezi michache iliyopita alifika ofisini kwetu mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mtu mzima aliyekaribia kustaafu, akiwa na kipeperushi cha kurasa nne mkononi. Wageni wetu wengi huja kuuliza maana ya neno. Huyu alikuja kulishtaki neno. Baada ya salamu alikiweka kipeperushi mezani, akatuonyesha mstari aliokuwa ameupigia kalamu nyekundu kama apigiavyo madaftari ya wanafunzi wake, akasema: “Wanangu, niliuliza kama hili ni gari la magurudumu manne, nikaambiwa ndilo. Nami nililizunguka nikayahesabu, nikayaona manne.”

Alikuwa amelinunua gari hilo kwa akiba ya miaka mingi, akitumaini kwamba litamfikisha kijijini kwao wakati wa masika, mahali ambapo barabara hugeuka tope la mfinyanzi. Masika yalipofika, gari lilikwama kwenye mteremko wa kwanza, magurudumu ya mbele yakizunguka na ya nyuma yakitulia kama yasiyohusika na safari. Fundi aliyeitwa kumsaidia ndiye aliyemweleza kwamba injini ya gari lile hupeleka nguvu katika magurudumu mawili tu.

Jina la muuzaji na jina la gari tunayaacha, kwa kuwa kazi yetu ni kuhakiki lugha na wala hatuna madaraka juu ya biashara ya mtu. Hata hivyo twaona kwamba kisa hiki kinastahili nafasi katika kurasa hizi. Mara nyingi sisi tunaoshughulika na istilahi hulaumiwa kwamba tunabishana juu ya maneno ambayo hayamgusi mwananchi. Hapa pana neno lililomgusa mwananchi mfukoni. Katika makala hii, basi, tutakieleza kwanza kitu chenyewe, kisha tutatazama jinsi watu wetu walivyozoea kuyapa magari majina, halafu tutayachambua makosa makubwa ya kipeperushi, na mwisho tutatoa mapendekezo yetu.

2. Kitu chenyewe

Haiwezekani kukipa kitu istilahi iliyo sawa kabla ya kukijua. Gari linalozungumzwa ni lile ambalo madereva na wauzaji wengi huliita krosova: gari dogo la abiria lenye milango mitano, lililoinuliwa kidogo kutoka ardhini, lenye sura ya ukakamavu, na ambalo matangazo yake huwaelekea vijana.

Asili yake si ya jana. Mwaka 1948 Uingereza ilianza kuuza Land Rover, gari ambalo bodi yake hufungwa juu ya chasisi ya chuma iliyo mbali nayo, kama banda lililowekwa juu ya magogo. Gari la namna hiyo lilifanywa kwa ajili ya shamba na nyika. Ni gumu na ni zito. Kwa upande mwingine lilikuwapo gari la saluni, ambalo kwa miaka mingi sasa bodi na chasisi yake vimekuwa kitu kimoja, jepesi, la chini, la barabara ya lami. Mwaka 1979 kampuni ya American Motors ya Marekani ilitoa gari lililoitwa Eagle. Liliichukua bodi ya gari la abiria, likaiinua, likaipa nguvu katika magurudumu yote. Hapo ndipo ukoo mpya ulipoanza kuonekana.

Mwaka 1994 Toyota ya Japani ilileta RAV4. Toleo lake la kwanza lilikuwa na milango mitatu na urefu usiofika meta nne, na baadhi ya sehemu zake zilitokana na magari madogo ya kampuni hiyohiyo, kama vile Corolla. Herufi zake tatu ni ufupisho wa maneno ya Kiingereza yenye maana ya chombo cha burudani na uchangamfu, na tarakimu 4 yasimama badala ya magurudumu manne yanayopewa nguvu na injini. Lakini si muda mrefu baadaye RAV4 iliuzwa pia, katika baadhi ya nchi, ikiwa na nguvu katika magurudumu mawili ya mbele tu, na tarakimu 4 ikabaki palepale nyuma ya gari. Msomaji aizingatie hali hiyo. Hata katika lugha lilikozaliwa, jina liliacha mapema kueleza kitu.

Mfano wa siku za karibuni ni wazi zaidi. Suzuki ya India hutengeneza gari dogo liitwalo Baleno. Mwaka 2023 kampuni hiyo ilileta Fronx, ambalo limejengwa juu ya msingi uleule wa Baleno, likainuliwa kwa sentimeta chache, likapewa uso mwingine. Urefu wake ni milimita 3,995. Sababu ya kukomea hapo ni kodi: sheria ya India huyatoza nafuu magari yasiyozidi meta nne yenye injini ndogo. Toyota nayo huyauza magari hayo mawili Afrika kwa majina yake yenyewe, la chini likiitwa Starlet, na la juu, lililoingia soko la Afrika Kusini mwaka 2024, likiitwa Starlet Cross. Yote mawili hupewa nguvu mbele. Lakini huko Japani, tangu mwaka huohuo wa 2024, Fronx huuzwa pia likiwa na nguvu katika magurudumu yote. Hivyo gari moja, lenye jina moja na sura moja, laweza kuwa na maumbile mawili tofauti chini ya tumbo lake. Mnunuzi asiyeuliza hawezi kujua kwa kutazama, na mnunuzi akiuliza lazima apatikane mtu wa kumjibu kwa lugha isiyoteleza.

Kutokana na maelezo haya yatosha kusema kwamba sifa ya lazima ya gari hili ni mbili tu: kwamba ni gari dogo la abiria lenye bodi na chasisi moja, na kwamba limeinuliwa. Mengine yote, yaani ujana wa mnunuzi, michezo, milima na fukwe, ni mapambo ya muuzaji.

3. Jinsi wananchi wanavyoyapa magari majina

Kiswahili si lugha maskini katika mambo ya barabara. Neno gari lilitujia kutoka India, na motokaa kutoka Kiingereza. Usukani ulikuwa wa jahazi kabla ya kuwa wa gari; mabaharia wetu waliushika karne nyingi kabla ya madereva. Breki, klachi, gia, tairi, boneti na bampa yaliingia kwa mlango wa gereji, yakavaa irabu zetu, na leo hakuna mtoto anayeyaona kuwa mageni.

Majina ya magari yenyewe yametungwa mitaani kwa njia zinazofaa kuchunguzwa. Mengine yametokana na nauli: daladala kutokana na dala, yaani shilingi tano, na matatu, huko Kenya, kutokana na nauli ya senti thelathini. Mengine yametokana na jina la kiwanda: bajaji, fuso, katapila. Mengine ni ya umbo: kipanya kwa basi dogo linalopenya popote, na kijiko kwa mtambo unaochota udongo. Lingine ni la mlio, nalo ni pikipiki. Liko pia shangingi, jina la kejeli, ambalo kwanza lilimhusu mwanamke wa mjini aliyekubuhu, kisha likapachikwa magari makubwa ya fahari ya wakubwa. Hata walio ndani ya gari hupewa jina, kama walivyopewa Wabenzi tangu miaka ya sitini.

Katika majina yote haya twaona jambo moja. Mwananchi hulipa gari jina kwa kile anachokiona, anachokisikia au anachokilipa. Hatukumbuki hata jina moja lililodumu ambalo lilitokana na ahadi ya muuzaji. Basi la daladala halikuitwa “usafiri wa raha”, ingawa pengine wapo waliotamani liitwe hivyo. Hili ni fundisho kwa mkuza istilahi: watu wana macho, na jina lisilolingana na macho yao hulitupa.

4. Makosa ya kipeperushi

Kipeperushi kilicholetwa kwetu kilitafsiriwa kutoka Kiingereza. Mfasiri wake si mtu asiyejua lugha; sarufi yake ni safi, upatanisho wa ngeli ni sahihi, na ameandika “gari la” na “magari ya” pale ambapo wengi siku hizi huandika “gari ya” na “gari za”. Kosa lake ni la namna nyingine. Alitafsiri maneno bila kukitafsiri kitu. Tutataja mahali pane.

(a) “Gari la magurudumu manne.” Hili ndilo lililomponza mwalimu wetu. Isipokuwa bajaji na pikipiki, vyombo vyote tunavyoviona barabarani vina magurudumu manne au zaidi. Kulisifu gari kwa kuwa na manne ni sawa na kumsifu ng'ombe kwa kuwa na miguu. Kinachotakiwa kuelezwa ni idadi ya magurudumu yanayopewa nguvu na injini. Kwa bahati mbaya usemi huu umeenea, tena si katika vipeperushi peke yake. Tumewahi kuuona katika matangazo ya zabuni na katika fomu za kuombea magari ya kazi. Kwa kuwa kila mtu anadhani anaelewa, hakuna anayeuliza, na muuzaji asiye mwaminifu aweza kuapa mbele ya hakimu kwamba hakusema uongo. Katika jambo hili mwalimu wetu hakudanganywa kwa neno la uongo. Alidanganywa kwa neno la kweli lisilo na kazi.

(b) “Gari la vijana wanaharakati.” Mfasiri alikutana na neno la Kiingereza lenye maana ya mtu apendaye kutoka, kutembea, kucheza na kushughulika, akalitafsiri kwa harakati. Lakini katika Kiswahili harakati ina historia yake. Tumeizoea katika harakati za ukombozi, na mwanaharakati ni mtu anayepigania haki au msimamo fulani mbele ya umma. Msomaji wa sentensi ile atadhani kwamba gari limetengenezwa kwa ajili ya waandamanaji. Lilikuwapo neno mchangamfu; lilikuwapo mkakamavu kwa habari za mwili. Hata hivyo yafaa kuuliza swali la ndani zaidi: huyu kijana wa kwenye picha, aliyefunga baiskeli juu ya paa la gari na kuelekea mlimani kucheza, ndiye kijana gani miongoni mwetu? Kijana wa kwetu aliye na shughuli nyingi ni yule aamkaye alfajiri kwenda shamba, au anayepeleka mboga sokoni, au anayefundisha asubuhi na kushona nguo jioni. Yeye naye ana baiskeli, lakini huifunga mzigo juu yake; haifungi juu ya gari. Neno mchapakazi lingemfaa zaidi, lakini kipeperushi hakikumkusudia yeye. Mfasiri mwangalifu angelitambua pengo hilo, akamshauri muuzaji aandike habari za mizigo, petroli na vipuri, ambazo ndizo mnunuzi wa hapa huziuliza kwanza.

(c) “Gari la matumizi ya michezo.” Huu ni mfano wa tafsiri ya neno kwa neno katika ubaya wake wote. Kwa Waswahili gari la matumizi ya michezo ni gari linalobeba mipira, nyavu na wachezaji kwenda uwanjani. Mwalimu alituambia kwamba mwenzake, aliye mwalimu wa michezo, alimwomba kwa moyo mkunjufu amwazime siku ya mashindano ya tarafa, kwa kuwa kipeperushi kilisema gari ni la kazi hiyo. Tulicheka, lakini mwenye gari hakucheka sana.

(d) “Gari fumbatano.” Hapa mfasiri alijitahidi kuunda neno, na juhudi yake twaiheshimu. Alichukua kitenzi fumbata, yaani kukishika kitu ndani ya kiganja, akakusudia kueleza gari ambalo si kubwa na lililojikusanya vizuri. Lakini neno jipya huhitajika pale lililopo linapopungukiwa. Gari hili ni dogo. Neno dogo lipo, linaeleweka kutoka Lamu hadi Kigoma, wala halimtusi mtu. Iwapo muuzaji anaona haya kuliita gari lake dogo, basi na atoe vipimo kwa milimita, na kila mtu ataamua mwenyewe.

Makosa haya manne yana chimbuko moja. Katika kila moja, mfasiri alimsikiliza muuzaji akasahau kumsikiliza mnunuzi. Yatupasa pia kukiri sehemu yetu ya lawama. Kwa miaka mingi sisi wakuza istilahi tumeshughulika sana na istilahi za vitabu vya shule na za ofisi, tukayaacha mambo ya barabarani yajitafutie njia. Mfasiri wa kipeperushi hakuwa na orodha yoyote ya kumwongoza. Alipogeuka nyuma hakutuona.

5. Jina la gari lenyewe

Sasa na tulitazame jina. Tumeyasikia manne yakipendekezwa na watu mbalimbali, nasi twaona ni haki kulipima kila moja.

La kwanza ni krosova. Watetezi wake husema kwamba breki na klachi yaliingia kwa njia hiyohiyo, na kwamba watu tayari wanalisema. Hoja yao ina nguvu. Zaidi ya hayo, neno hili lina fadhila moja: halisemi uongo, kwa kuwa halisemi kitu chochote. Lakini hapo ndipo udhaifu wake ulipo. Breki ni kifaa kimoja chenye kazi moja, na anayekikanyaga hujifunza maana yake kwa mguu. Krosova ni jina la jamii nzima ya magari, na mpaka wake ndio unaogombaniwa. Mtu asiyejua Kiingereza hapati kidokezo chochote, na atategemea maelezo ya yuleyule anayetaka kumuuzia.

La pili ni gari mtambuka. Limechukuliwa kutoka usemi uliozoeleka maofisini, masuala mtambuka, yaani masuala yanayopita katika sekta nyingi. Katika maofisi linafaa. Barabarani ni hatari. Kutambuka ni kuvuka, kupita juu ya kitu kwa hatua. Mwananchi akiambiwa gari mtambuka ataelewa, tena kwa haki, kwamba ni gari la kuvuka mito na madimbwi. Tungekuwa tumemrudisha mwalimu wetu kwenye tope lilelile, safari hii kwa idhini ya Baraza.

La tatu ni gari chotara. Wenye kulipendekeza wanafikiria mahindi chotara na ng'ombe chotara, mbegu zilizopatikana kwa kuchanganya jamii mbili. Picha hiyo si mbaya, kwani gari hili kweli limezaliwa na saluni na gari la nyika. Lakini chotara hutumika pia kwa binadamu, na mara nyingine kwa dharau. Hatuoni sababu ya kulitangaza zaidi. Isitoshe, mchanganyiko wenyewe ni wa sura kuliko damu: Fronx lenye nguvu mbele halikurithi cho chote kwa gari la nyika isipokuwa kimo na uso.

La nne ni gari mseto. Hili lingependeza lisingekuwa na kazi nyingine. Tangu Toyota ilipoanza kuuza Prius huko Japani mwaka 1997, ulimwengu umepata magari yanayotumia petroli na umeme kwa pamoja, na magari hayo kwa Kiswahili yameanza kuitwa mseto. Neno hilo limekaa vizuri, kwa kuwa nguvu mbili huchanganywa kama mchele na choroko katika chungu kimoja. Sasa yako magari yaliyo na sifa zote mbili: Yaris Cross, iliyotolewa mwaka 2020, huuzwa ikiwa ya petroli tupu na pia ikiwa ya petroli na umeme. Tukiita umbo mseto na injini mseto, hiyo ya pili itakuwa “mseto mseto”, na mnunuzi hatajua alipie lipi. Kanuni ya istilahi yafahamika: dhana moja, neno moja. Mseto libaki kwa injini.

Lipo pia jaribio la tano ambalo hatukuliweka katika hesabu, nalo ni kuligeuza neno Cross la majina ya magari kuwa “msalaba”. Majina ya kiwanda hayatafsiriwi. Corolla Cross ni Corolla Cross, kama vile fundi hawezi kuitwa kwa tafsiri ya jina lake.

Baada ya kuyapima hayo, sisi twapendekeza gari dogo la juu. Neno hili halikutungwa mezani. Yeyote aliyewahi kununua gari sokoni amewasikia mafundi na madalali wakisema kwamba gari fulani “liko juu” na jingine “liko chini”, na kila mtu huelewa kwamba habari ni ya nafasi kati ya ardhi na tumbo la gari. Tulichofanya ni kuokota neno lililokuwa tayari linatembea, tukalifuta vumbi. Lasema mambo mawili yaliyo ya kweli, kwamba ni dogo na kwamba liko juu, kisha lanyamaza. Haliahidi tope, mto wala ujana.

Wapo watakaosema kwamba “la juu” laweza kueleweka kuwa la hadhi ya juu. Hatuukatai uwezekano huo, lakini neno dogo lililotangulia huupunguza sana, kwani si desturi ya wakubwa kusifiwa kwa udogo. Wengine watasema kwamba jina ni la kawaida mno na halina mvuto wa biashara. Hao tunawajibu kwamba mvuto ni kazi ya muuzaji. Kazi ya istilahi ni kumwezesha mtu kuuliza swali na kupata jibu.

Kuhusu ujana, twasisitiza kwamba usiingizwe katika jina kwa namna yoyote. Kijana wa miaka 25 aliyenunua RAV4 mpya huko Japani mwaka 1994 sasa amepita hamsini. Na gari lake, kama mamia ya wenzake yaliyopandishwa meli yakiwa yametumika, huenda hivi leo linabeba magunia ya mkaa na mama wawili waendao arusini. Jina linalofuata umri wa mnunuzi wa kwanza halifai kwa nchi ambako gari huwa na wanunuzi wanne au watano.

6. Istilahi zinazopendekezwa

Tunazitoa zifuatazo kwa majaribio, tukingoja maoni ya wasomaji:

Gari dogo la juu: gari dogo la abiria la bodi moja, lililoinuliwa kuliko saluni, liwe na nguvu mbele au kotekote.

Gari la nyika: gari lililotengenezwa kwa njia mbovu, lenye nguvu kotekote na gia za ziada za mwendo wa polepole.

Gari la bodi moja: gari ambalo bodi na chasisi yake ni kitu kimoja.

Gari la chasisi mbali: gari ambalo bodi yake hufungwa juu ya chasisi inayojitegemea.

Nguvu mbele, nguvu nyuma, nguvu kotekote: namna ambavyo injini hupeleka nguvu katika magurudumu ya mbele tu, ya nyuma tu, au yote. Usemi “gari la magurudumu manne” uachwe.

Kimo cha tumbo: nafasi kati ya ardhi na sehemu ya chini kabisa ya gari, ipimwe kwa milimita gari likiwa tupu.

Gari mseto: gari linaloendeshwa kwa petroli au dizeli pamoja na umeme.

7. Hitimisho

Huenda msomaji akaona kwamba tumelitwisha gari dogo mzigo mkubwa. Lakini na akumbuke kwamba tangu mwaka 2021 sheria ya Tanzania imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Mkataba wa bima, hati ya mauzo na tangazo la zabuni vitasomwa mbele ya hakimu kwa maneno yaleyale yaliyoandikwa ndani yake. Ofisa ugavi anayeandika “gari la magurudumu manne” kwa ajili ya zahanati iliyo mbali na lami anaweza kuletewa, kwa mujibu wa maandishi yake mwenyewe, gari litakalolala njiani na mgonjwa ndani. Akiandika “nguvu kotekote, kimo cha tumbo kisichopungua milimita kadha”, muuzaji hana pa kujificha.

Kwa hiyo twawaomba wafasiri wawaulize mafundi kabla ya kufungua kamusi. Twawaomba walimu wazijaribu istilahi hizi darasani, na watumishi wa serikali wazijaribu katika fomu zao. Penye kasoro tuandikiwe, nasi tutasahihisha.

Mwalimu wetu bado analo gari lake. Alituambia, alipokuwa akiinuka kuondoka, kwamba kwenye lami ni gari zuri, halinywi petroli, na halimgongi tumbo kwenye matuta ya mjini. Kwamba angalilinunua hata kama angeambiwa ukweli, ila masika angalipanda basi. Alichodai ni kuambiwa. Kisha akakichukua kipeperushi chake, akaukata kwa kalamu nyekundu ule mstari wa magurudumu manne, akaandika juu yake kwa mwandiko wa ubaoni: nguvu mbele.